Ijumaa ya Badiri

Jumatano, 29 Oktoba 2025

Naandika ndani ya basi la kazini. Nimedhani mtu akiandika hasemeshwi. Si kweli. Kalama, jirani yangu wa kiti, ameniuliza naandika nini. Nimemwambia hesabu za vigae. Akasema vizuri, kisha akaanza upya habari ya nyumba anayojenga kwao Kaloleni. Leo tumefika kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha. Juzi pia tulikuwa kwenye lenta. Naogopa tutazeeka kwenye lenta.

Tatizo langu ni hili. Naishi Kibokoni. Ghala la vigae ninakofanya ukarani liko Mariakani. Basi la kampuni hutuchukua Tononoka kabla jua halijatoka, na likishavuka daraja la Makupa hujipanga nyuma ya malori ya bandarini kama watu wa maziko. Kwenda ni umri. Kurudi ni umri mwingine. Betri ya simu yangu hufa Changamwe.

Dawa ni kitabu. Lakini kiwe kitamu! Wiki jana nilinunua kimoja kwa muuza vitabu anayevipanga chini, karibu na Marikiti. Jalada lina mwanamke akikimbia gizani. Nimefungua, ndani ni ufugaji wa nyuki. Jalada la kitabu hiki, matumbo ya kitabu kile. Nilisinzia kwenye mzinga wa kwanza, nikaamka Miritini shavu langu li juu ya bega la Kalama. Alikuwa bado anazungumza.

Fuad, rafiki yangu wa barazani, naye aliniazima kitabu cha namna ya kutajirika. Anasema amekisoma mara nyingi. Viatu vyake nimeviona. Nimekirudisha.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mungu amenifungulia! Fadhiya, mke wangu, alinituma nimpelekee Bimdogo bakuli la mbaazi za nazi. Bimdogo ni mtu mzima, mjane, ukuta wake na wetu ni mmoja, na kwa mke wangu ni nyanya. Marehemu mumewe, Maalim Taib, alikuwa mwalimu na mtu wa kusoma. Kabati lake la vioo liko ukumbini. Miaka yote nimepita mbele yake nikijitazama ndevu kwenye kioo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetazama kilicho nyuma ya kioo. Hadithi tupu! Rafu kwa rafu!

Nimuombe? Nimelifikiria jambo hili kwa haki. Nikimuomba Bimdogo kitabu atakumbuka mwavuli alioniazima masika. Mwavuli uko Mariakani, umebaki fito. Atasikitika. Presha itampanda. Kwa hiyo kutomuomba ni kumhurumia.

Alikuwa jikoni akitafuta kifuniko. Nimechukua kinene. Kanzu ina nafasi. Nikatoka nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikamwambia kwa mbali kwamba linanisokota. Amenipa pole na kuniambia ninywe tangawizi. Mtu mwema sana. Sikuiba. Nimemwondolea usumbufu wa kukubali.

Jumamosi, 1 Novemba

Kitabu! Kitabu! Kinaitwa Mgeni wa Chumba cha Juu. Sefu bin Nasoro, tajiri wa Pangani, amekutwa maiti chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Mji mzima wamnyooshea kidole mpishi. Maskini ya Mungu, mpishi!

Jana sikuona Makupa. Sikuona malori. Basi likafika, watu wakashuka, mimi nikabaki nimeinama na Sefu wangu, na dereva akanipeleka hadi wanakoosha mabasi. Nimeingia kazini mkono mmoja wa shati umerowa. Nimeulizwa. Nimesema jasho.

Leo wakati wa kurudi nimekimaliza. Ni shemeji! Kaka yake mjane wa Sefu! Yule aliyelia kuliko wote mazikoni! Nilipiga ukelele ndani ya basi. Kalama akauliza kuna nini. Nikamwambia shemeji. Akauliza shemeji wa nani. Ili nipate amani nikampa kitabu ajisomee. Akanyamaza kutoka Mazeras mpaka Tononoka. Lenta haikutajwa! Akaomba aendelee nacho nyumbani, nami nikamruhusu kwa ukarimu. Nina akili, lazima niseme.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwisha.

Baada ya alasiri nilikuwa msalani. Dirisha letu la msalani latazama kichochoro, na kizingiti cha Bimdogo kiko chini yake. Alikuwa akizungumza na jirani Lamis. Nikafunga bomba nisikie. Pikipiki ikapita. Lakini niliyoyasikia yanatosha kumuua mtu. Bimdogo alisema chuo chake kimeondoka kabatini. Watu wa umri wake kitabu hukiita chuo. Kisha Ijumaa. Kisha, kwa masikio yangu haya, Badiri. Kisha kusomwa. Kisha kwamba aliyekichukua atajulikana tu.

Badiri! Kisomo cha kumwapiza mwizi! Wasomaji wanaketi, ubani unafuka, wanatajwa mashahidi wa vita vya Badri mmoja mmoja, na mwizi popote alipo anaanza kuvimba. Kwa kitabu cha hadithi! Watu husomeana kwa dhahabu. Kwa hati za nyumba. Nilidhani Bimdogo ananipenda.

Nikatoka mbio hadi barazani kwa Fuad. Nimemuuliza kijuujuu, kwa niaba ya mtu wa kazini, Badiri humfanya nini mtu hasa. Fuad alifurahi kuulizwa. Akanieleza habari ya mtu aliyeiba sufuria ya jirani, tumbo likamfura likawa ukilipiga lalia kama sufuria. Mwingine aliiba makubadhi msikitini, nyayo zikageuka nyuma mbele. Nimemuuliza kama aliwaona watu hawa kwa macho yake. Akasema hawaonekani, jamaa zao huwaficha ndani. Ina mantiki. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumbo limenguruma Changamwe. Laweza kuwa maharagwe ya Fadhiya. Laweza kuwa mwanzo. Nimelegeza mkanda tundu moja.

Mpango ni rahisi: kitabu kirudi kabatini kabla ya Ijumaa. Nimemuomba Kalama. Amekataa! Yuko kwenye sura ya tano, anasoma kwa kidole na midomo, kila neno analitafuna. Amesema atakimaliza Jumapili akitoka kanisani. Jumapili! Jumapili mimi nitakuwa nimefichwa ndani na jamaa zangu.

Nikafikiria kumkata hamu. Nimemwambia wazi kuwa muuaji ni shemeji. Kalama amecheka mpaka akakohoa. Akasema haiwezekani, yule ndiye aliyelia kuliko wote. Sasa anasoma kwa bidii zaidi, anataka kunionyesha kuwa nimekosea.

Usiku nimepima tumbo kwa futi ya cherehani ya Fadhiya. Akauliza napima nini. Nimesema nataka suruali mpya. Akasema hata hiyo ya zamani siijazi. Maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekipata. Kalama alisinzia asubuhi karibu na Miritini, mdomo wazi. Mkoba wake ulikuwa miguuni. Nimekichukua na kukikalia mpaka Mariakani.

Lakini sasa nawaza. Kitabu kimeibwa mara mbili, na mwizi ni yuleyule. Je, mtu huvimba mara mbili? Au huvimba mara moja, lakini sana?

Mchana Kalama amegundua. Sikutarajia angeumia vile. Amesimama mbele ya watu wote wakila, amesema kwamba kwa mara ya kwanza tangu aache shule alikuwa akisoma kitu kwa hamu yake mwenyewe, na mtu amekichukua. Kalama ni mzee wa kanisa. Amesema hatamtafuta mwizi. Kina mama wa kanisa lake wataanza kufunga na kuomba kwa ajili ya huyo mtu, mpaka ashindwe alipo. Cynthia wa mapokezi akasema Amina. Nami nikasema Amina, kwa sauti, nisishukiwe. Nimefika mezani kwangu ndipo nilipoelewa nimeitikia nini.

Waislamu mbele, Wakristo nyuma. Nani duniani ameshikwa hivi kwa ajili ya kitabu kimoja?

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Bimdogo. Kitabu tumboni chini ya kanzu, mkononi kibakuli cha achari ya embe. Nia yangu: yeye aende jikoni kutoa bakuli lingine, mimi nifungue kabati, kwisha.

Hakuwa jikoni. Alikuwa ameketi ukumbini, mbele ya kabati, kiti chake kimeliziba mlango. Amevaa miwani myeusi. Macho yake yana mtoto wa jicho, anangoja kupasuliwa, na mwanga unamchoma. Nimejua hayo tangu mfungo. Lakini ile miwani! Hujui macho yakutazama au hayakutazami.

Nimemwambia masalkheri. Akanijibu, akanigeuzia uso. Kisha akasema:

"Muhdhar, mbona tumbo lako limekuwa kubwa?"

Nilikaribia kuketi juu ya achari. Kilikuwa ni kitabu, nakijua mwenyewe ni kitabu, nimekifunga kwa shuka. Lakini nililipapasa tumbo nihakikishe. Mwanamke ambaye haoni mlango ameliona tumbo langu!

Nimesema nimenenepa. Akasema mashallah. Halafu akanipiga risasi ya pili, na hii naiandika kama alivyoisema nisije nikaambiwa nimeota:

"Ijumaa ni Badri, nawe ndoo. Uli na sauti nzuri tangu u mdogo. Kusoma kwachosha, mtapokezana."

Nije nipokezane! Mimi! Nimsomee Badiri mwizi, kwa sauti nzuri, na mwizi ni mimi! Nilitaka kukataa. Nikafikiri: asiyekuja ndiye mwenye kosa, watu watasema. Nimeitikia inshallah. Nimerudi na kitabu, nimesahau kuacha achari.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi mapema nimemgongea Fuad kutafuta kinga, kwa ajili ya yule mtu wa kazini. Akasema kinga ni moja: arudishe kitu na amuombe mwenyewe radhi. Nimemuuliza kama kuna kinga nyingine. Akakuna kichwa. Akasema kuna watu hunywa habasoda, na kuna watu huvaa nguo ndani nje ili apizo lisiwatambue. Hakuwa na hakika. Mimi nilikuwa na hakika.

Nimekwenda kazini shati nimelivaa ndani nje. Cynthia amenisomea lebo ya shati shingoni, kwamba nifuliwe kwa maji baridi na nisipigwe pasi. Watu wakacheka. Kalama hakucheka. Basini amekaa dirishani kwenda na kurudi akitazama malori, kimya, hata nyumba yake hakuitaja. Wallahi niliitamani lenta.

Jioni, nafasi! Magharibi imeadhiniwa, Bimdogo ameingia chumba cha ndani kusali. Mlango wake wa mbele haufungwi, ndivyo alivyo. Nimeingia kwa ncha za vidole. Kabati limelia kidogo. Nimekichomeka kitabu palipo pengo, nimetoka, hakuna aliyeniona ila paka.

Furaha yangu ilifika barazani ikafia hapo. Nimemwambia Fuad yule mtu amerudisha. Fuad akatikisa kichwa. Akasema nia ya Badiri ikishawekwa haigeuki, ni kama lori lililokatika breki mteremko wa Mazeras. Kitu kirudi kisirudi, litashuka tu.

Nimemwambia Fadhiya nikivimba, baiskeli yangu asipewe kaka yangu. Ameniuliza nimekula nini. Nilikuwa karibu kumwambia kila kitu. Nimemwambia achari.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika nikiwa hai. Nianze mwanzo.

Kazini niliwaambia jana kuwa leo nina msiba. Waliuliza wa nani. Nilisema wa mtu wa karibu sana. Nimeoga, nimevaa kanzu nyeupe, na chini ya kanzu fulana ndani nje. Nikamuaga Fadhiya, nikamwambia anisamehe nikiwa nimemkosea. Akasema hana wakati wa kuanza kuhesabu.

Ukumbi wa Bimdogo umefukizwa udi. Udi! Mkekani wanawake wa jirani, Lamis kati yao, wamezunguka sinia ya kaimati. Birika la kahawa liko juu ya mkaa. Na kitini, ameketi wima, mtu mwembamba wa miwani, koo lake akilisafisha. Msomaji. Amenipa mkono, amenitajia jina, amesema ni mpwa wa marehemu na anasomesha Tononoka. Jina limenipita. Mtu aliyeogopa hasikii majina.

Nimeonyeshwa pa kukaa, ubavuni kwake. Bimdogo akasema kwa furaha kwamba chuo kimepatikana. Kimerudi chenyewe, kimewekwa miguu juu kichwa chini, kwa hivyo aliyekichukua ni mtu asiyejua vitabu husimama vipi. Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Jasho likaanza nyuma ya masikio.

Msomaji akafungua. Nimefumba macho. Nimeshika tumbo. Akasema Bismillah. Nikangoja majina ya mashahidi.

Akasema, "Sura ya tisa. Mpishi alipoona sanduku linafunguliwa, aliangusha sahani."

Nilifumbua jicho moja. Nikadhani labda ndiyo Badiri ya kisasa, mwizi anasomewa kitu alichokiiba. Kisha Bimdogo akamwambia mtu yule, "Polepole, Badri."

Badri! Ni mtu! Badri, jina la mtu, mwana wa watu, mwalimu wa Tononoka! Nilitaka kumbusu. Tumbo langu lilishuka lenyewe, nimelisikia likishuka. Ijumaa zote hizi huja kumsomea mke wa mjomba wake kwa sababu macho hayaoni tena. Wiki iliyopita alikuja, kitabu hakipo, wakakaa wakinywa kahawa.

Lamis akaninong'oneza mengine. Maalim Taib alikuwa akimsomea mkewe kila siku baada ya isha, maisha yao yote. Kitabu hiki ndicho cha mwisho. Alifika mwisho wa sura ya nane, akafunga, akasema wataendelea kesho. Kesho yake akafariki. Bimdogo hakutaka mtu akiguse mpaka mwezi uliopita, macho yalipozidi, ndipo akaogopa kufa hajajua yaliyobaki. Akamwita Badri, akamtaka kwanza amrudishie zile sura nane, sauti ya marehemu imrudie masikioni. Leo ndiyo sura ya kwanza ambayo Maalim hakuifikia.

Ningemshukuru Mungu nikala kaimati nikaenda zangu. Badri akasoma vizuri. Sanduku likafunguka. Ndani ikatoka leso yenye damu. Wanawake wakashika midomo. Lamis akasema ni mpishi. Mwenzake akasema ni mpishi. Bimdogo akapiga paja akasema, "Ni mpishi! Tangu mwanzo nimesema ni mpishi!"

Nilimhurumia mpishi. Hakuna mwingine pale aliyejua kuwa hana hatia. Nikasimama, na kwa ile sauti yangu nzuri nikasema:

"Siye mpishi, Bimdogo! Ni shemeji!"

Kaimati ya Lamis ilisimama njiani kwenda mdomoni. Badri akafunga kitabu juu ya kidole chake. Bimdogo akaivua miwani myeusi, akanigeukia na yale macho yenye ukungu, akaniuliza nimejuaje. Nimesema nimekisia. Badri akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma kimoyomoyo, akanitazama mimi.

"Ni shemeji," akasema.

"Kumbe ni wewe," Bimdogo akasema.

Nilingoja ukelele. Haukuja. Alimuuliza Badri tena, ana hakika ni shemeji, na Badri akasema ndiyo, ameandikwa. Bimdogo akashusha pumzi. Akasema Maalim alimwambia ni shemeji. Tangu sura ya tatu. Alimwambia mtu akilia sana mazikoni mtazame mara mbili. Wakateta juu ya jambo hilo kila usiku, yeye mpishi, mumewe shemeji, na siku ile ya mwisho walilala wakiteta.

"Amenishinda," akasema. "Yuko kaburini na amenishinda."

Akacheka. Alicheka na machozi yakimtoka, akijifuta kwa ncha ya leso, na Lamis akalia, na Badri akaivua miwani yake akaifuta ilhali haikuwa na kitu. Nami nililia. Mimi nililia kwa hofu, lakini machozi hayana rangi.

Halafu akanyoosha mkono hewani, nikauinamia nikaubusu. Akanishika kidole asiniachie.

"Chuo nimekusamehe," akasema. "Mwisho sikusamehe."

Alitaka umjie polepole, Ijumaa kwa Ijumaa, kinywani mwa Badri. Alikuwa amebakiwa na sura kadhaa za kuketi na mumewe wakiteta, na mimi nimezimaliza kwa neno moja. Haya hakuyasema yeye. Alinieleza Fadhiya jioni, baada ya Lamis kumweleza, na alinieleza akiwa amesimama.

Wakati natoka Bimdogo alisema kabati liko wazi kwangu, nichukue nikitakacho, ila niombe. Na mwavuli wake niurudishe.

Nimekula kaimati moja tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeomba. Nimebisha hodi, nimeomba kwa adabu, Bimdogo amenichagulia mwenyewe kwa kupapasa migongo ya vitabu. Amesema hiki Maalim alikipenda sana. Nimekibeba mkononi hadharani, barazani wote wakakiona.

Basini nimekifungua. Bila shaka ni kizuri. Kuna mfalme. Nimesinzia Makupa. Nimeamka begani kwa Kalama.

Kalama amenisamehe bila kujua. Amesema kina mama wamefungua saumu. Wamemwachia mwizi dhamiri yake imsumbue. Nimefurahi kusikia, hiyo haijawahi kunisumbua. Akaniuliza kama najua pa kupata kitabu kile. Nimemwambia asijali, mpishi hakufanya kitu. Akakunja uso. Kisha akarudi kwenye lenta, mpaka Mariakani.

Jumanne, 11 Novemba

Mfalme. Nimesinzia tena. Kabla ya Makupa.

Jumatano, 12 Novemba

Nimegundua kasoro iko wapi! Si mfalme. Ni ruhusa. Kitabu cha ruhusa hakina chumvi. Ukikisoma hakuna anayekutafuta, tumbo limetulia, macho yanajifumba. Kile cha Sefu nilikisoma moyo mkononi, kila aliyepanda basini nilimwona Bimdogo.

Basi jana magharibi, Bimdogo akiwa kwenye sala, nimemrudisha mfalme na nimechukua kingine. Cha kijani. Sikuomba. Leo nimekifungua Tononoka. Jamani! Nywele zimesimama! Hospitali, usiku, wagonjwa wanakufa kitanda kilekile. Breki ikipigwa naruka. Dereva akipiga honi naruka. Kalama ameongea sikusikia hata tofali moja. Tumefika Mariakani nikadhani ni Jomvu.

Nimerudi nyumbani Fadhiya ameniambia habari aliyopewa na Lamis. Bimdogo amekwishachagua atakachosomewa Ijumaa, baada ya Sefu kumharibikia. Anataka cha kijani. Maalim hakuwahi kumsomea, alikinunua akakiweka akiba. Bimdogo amesema hiki atakisikiliza neno kwa neno, na mtu yeyote asimwambie kitu.

Nimeketi nikalifikiria jambo hili kwa haki. Nimeona kosa langu la Ijumaa ile lilikuwa wapi. Nilisema mbele ya watu, mtu mzima akaaibika.

Safari hii nitakwenda kesho, nikiwa peke yangu, nimwambie mwisho wake sikioni kwa upole. Nimetazama ukurasa wa mwisho nisije nikamdanganya. Ni nesi.